Treni Inapita Hapo Karibu na Jamhuri na Bado Unaenda Tao kwa Mguu: Kwani Shida Iko Wapi?

Mvua ikinyesha Nairobi, vitu viwili hufanyika bila kukosa: stima zinapotea, na konda anabadilisha nauli. Ile mathree ilikuwa fifty asubuhi inakuwa soo jioni, na ukiuliza kwa nini unaambiwa ushuke utembee. Kama unaishi Jamhuri, Ayany, Ngumo, Kibera ama Dagoretti, hii movie umeitazama mara nyingi. Adams, Prestige, Coptic, City Mortuary, zote zimefungana, na wewe uko kwa kiti ya nyuma ukihesabu boda zinakupita.

Sasa fikiria hii. Hapo Kibera, mwendo wa dakika chache kutoka Jamhuri, kuna reli. Imekuwa hapo tangu kabla babu yako azaliwe. Haina jam, haina roundabout, haina karao wa kusimamisha gari kila kona. Inaenda moja kwa moja hadi stesheni ya tao, pale chini ya Haile Selassie. Na kila asubuhi maelfu ya wasee wa Kibera wanaitumia kwenda job Indaa. Tofauti ni kwamba hawaitumii kwa kupanda treni. Wanatembea juu yake.

Hiyo picha ya watu wamepangana kwa reli saa kumi na mbili asubuhi, lunch iko kwa paper bag, inakuambia kila kitu kuhusu usafiri wa hii city. Njia iko, watu wako. Treni ndio inakuja mara chache, na ikikuja imejaa hadi kwa mlango.

Wengi wetu tukiona treni imefurika tunasema ni watu wamekuwa wengi, ama ni ushamba wa kusukumana. Si hivyo. Treni hujaa juu ya maamuzi, na hayo maamuzi yalifanywa na watu wenye ofisi. Wacha tupige hii hesabu pole pole.

Reli ilikuja kwanza, tao ikafuata

Nairobi haikuwa tao ikajengewa reli. Ilikuwa kinyume. Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa Mei 1899, na 1901 ikagonga Ziwa Victoria pale Kisumu. Nairobi ilikuwa kambi ya mafundi na stoo ya vifaa. Wale walioibeba mabegani ni vibarua karibu 32,000 waliotolewa India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Hata upana wa reli yenyewe, mita moja kutoka chuma hadi chuma, ulikuwa ule ule uliokuwa ukitumika sehemu nyingi za India, ndio injini na mabehewa ziweze kutolewa huko.

Kwa hivyo tukisema treni za Nairobi na za India ni mabinamu, hatutanii. Damu ni moja. Tutarudi kwa huyo binamu baadaye, kwa sababu ana kitu ya kutufunza.

Shida ni kwamba city ilikua, reli ikabaki ile ile. Hesabu ya watu ya 2019 iliweka Nairobi kwa watu 4,397,073, na hapo hujaweka wale wa Kikuyu, Ruiru, Kitengela na Rongai wanaoingia kila asubuhi na kutoka jioni. Lakini ile reli inayopita Kibera kwenda Dagoretti na Kikuyu bado ni laini moja tu, vile mkoloni aliiacha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, tukabaki na kipande chetu, na Kenya Railways ikaanzishwa 1978. Miaka ikapita bila matengenezo ya maana. 2006 reli ikapewa kampuni ya kibinafsi, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25. Haukufika hata nusu. 2017 serikali ikaichukua tena.

Hapo kati, Januari 2008, kura zikaleta moto, na vijana wa Kibera waking'oa reli kwa mikono. Wakati huo huo, wasee wa Uganda wakakosa mafuta juu ya hizo vurugu za Kenya. Hiyo ndio siku nchi yote iligundua hiyo laini ni muhimu. Halafu tukasahau.

Kwa nini inajaa hivyo?

Sikiza vile hii kitu inafanya kazi, juu hapa ndio watu wengi hupotea.

Laini ikiwa moja, treni mbili zinazokuja pande tofauti haziwezi kupishana popote. Moja lazima iingie pembeni, mahali kuna reli ya pili fupi, isubiri mwenzake apite. Kama hizo sehemu za kupishana ni chache, basi treni nazo zitakuwa chache. Hata ukinunua treni mia kesho, zitakaa tu pale stesheni zikingojea zamu. Ni kama kuwa na nganya 50 na stage yenye mlango mmoja.

Ongeza hii: laini ya Kikuyu inapanda mlima. Kutoka tao kuelekea Dagoretti na Kikuyu ni kupanda tu, na injini iliyobeba mabehewa yamejaa watu inavuta pole pole. Kila dakika inayochukua hapo juu ni dakika treni nyingine haiwezi kutumia hiyo laini.

Ongeza hii pia: hiyo reli si ya watu wa mtaa pekee. Treni ya Nairobi kwenda Kisumu ilirudishwa Desemba 2021 kwa laini hiyo hiyo, na mizigo pia ina haki yake.

Matokeo ni ratiba ya asubuhi na jioni. Treni zinaleta watu tao mapema, halafu zinalala stesheni mchana kutwa, zinarudisha watu jioni. Ukimaliza shift saa nane mchana, pole. Ukiwa na interview saa tano, pole. Ukiwa mama mboga unatoka Marikiti na gunia, pole sana. Watu wote wanaohitaji treni wanasukumwa kwa safari zile zile chache, dakika zile zile. Ndio maana ikifika, mlango hauonekani.

Hiyo ndio siri ya msongamano. Si lazima watu wawe wengi kuliko treni inavyoweza kubeba kwa siku. Inatosha tu wote walazimishwe kupanda saa moja.

Na treni ina uwezo wa kubeba, usidanganywe. Tuseme treni ina mabehewa kumi, kila moja imebeba watu mia, wengine wamekaa na wengine wamesimama kwa heshima. Hao ni watu elfu moja. Kuwabeba kwa mathree za watu 33 unahitaji zaidi ya gari 30, zote kwa Ngong Road, zote zinataka kuingia tao wakati mmoja. Treni moja ni jam nzima iliyopotea barabarani.

Upande wa Eastlands wanajua hii story vizuri

Ukitaka kuona treni imebeba city, nenda Makadara saa kumi na mbili unusu asubuhi. Treni ya Ruiru imetoka huko ikachota watu Kahawa, Githurai, Mwiki na Dandora. Ya Embakasi Village imepita Pipeline na Donholm. Ikifika Makadara, aliye ndani hawezi kutoa simu kwa mfuko, na aliye nje anatafuta tu mahali pa kuweka kidole cha mguu.

Ndani kuna maisha yake. Kuna behewa la wahubiri na waimbaji, unashuka ukiwa umeombewa bila kuomba. Kuna la wacheza karata. Kuna wauza njugu ambao wanapita mahali hata hewa haipiti. Kuna wale hawaongei na mtu, earphones ndani, macho dirishani. Watu wamepanda treni moja na wasee wale wale kwa miaka, wanachangiana matanga na harusi. Hiyo ni raha yake, na tusijifanye haipo.

Lakini kuna upande mwingine. Vijana wanaokaa juu ya paa. Wale wananing'inia kwa mlango mkono mmoja. Waliovuka reli wakiwa na earphones. Na zile sehemu barabara inakatana na reli bila kizuizi cha maana: Oktoba 2013, pale Mutindwa, treni ya abiria iligonga basi na watu zaidi ya kumi wakafa. Kila mara ikitokea tunasema dereva alikuwa na haraka. Hatuulizi kwa nini barabara yenye magari mengi hivyo inavuka reli bila daraja.

Tuwe fair pia. Kuna vitu vimefanywa. Novemba 2012 Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, na watu wa Mombasa Road wakaonja maisha mapya. Novemba 2020 Uhuru akazindua treni zilizokarabatiwa na zile za kujiendesha bila injini ya kuvuta, kumi na moja, zilizonunuliwa zikiwa zimetumika tayari kisiwani Mallorca, Spain. Huko pia reli yao ni ya mita moja, ndio maana ziliingia kwetu bila shida. Watu walicheka eti tumenunua mtumba. Buda, nguo unavaa ni mtumba na umetoka nayo fiti. Shida haikuwa mtumba. Shida ni kwamba treni kumi na moja fupi kwa city ya zaidi ya watu milioni nne ni kama kuleta sufuria moja kwa harusi ya kijiji.

Binamu wa Mumbai: usicheke

Umeona zile video za treni za India. Watu wamening'inia kama nyuki kwa mzinga, mtu anaruka ndani kabla isimame. Tunashare tukicheka. Lakini angalia hizo treni vizuri, kwa sababu zinakuonyesha barabara mbili, moja nzuri na moja mbaya.

Treni ya kwanza ya abiria India ilitoka Bombay kwenda Thane tarehe 16 Aprili 1853. Leo hiyo city inaitwa Mumbai, na treni zake za mtaa zinabeba watu zaidi ya milioni 7 kwa siku. Soma tena: kwa siku. Ni kama kubeba Nairobi yote na nusu yake tena, kila siku, watu wa ofisi na wa mjengo, tajiri na hustler, kwa nauli ambayo hata mfanyakazi wa chini anaweza kulipa. Saa za asubuhi treni zinafuatana kila dakika chache. Hiyo ndio barabara nzuri. Mumbai iliamua treni ndio uti wa mgongo wa city, si pambo.

Barabara mbaya ni hii. Treni zinafuatana hivyo na bado hazitoshi, kwa sababu kazi zilirundikwa kusini mwa city na watu wakasukumwa kaskazini, mbali, mahali rent ni ya bei ya chini. Wahandisi wao wana hadi jina rasmi la ule msongamano ambapo watu 14 hadi 16 wanasimama kwa mita moja mraba. Chora hiyo mraba chini kwa sakafu ya keja yako, halafu fikiria mbogi yako yote, ongeza na ya jirani.

Na watu wanakufa. 2023 pekee waliokufa kwa reli za Mumbai walikuwa zaidi ya 2,500, wengine wakivuka reli, wengine wakianguka kutoka treni zilizojaa. 2024 Mahakama Kuu ya huko ikasema wazi hiyo ni aibu. Septemba 2017, kwa daraja la waenda kwa miguu la stesheni ya Elphinstone Road, watu wasiopungua 22 walikanyagana hadi kufa mvua ikinyesha. Halafu tarehe 9 Juni 2025, pale Mumbra, treni mbili zilizojaa zilipishana kwa kona, na watu waliokuwa wananing'inia milangoni wakaanguka. Watu wasiopungua wanne wakafa. Baada ya hapo ndio reli ya India ikatangaza treni mpya za mtaa zitakuwa na milango ya kujifunga yenyewe.

Zaidi ya miaka 170 ya treni, na mlango unafungwa baada ya msiba.

Somo kwetu liko hapo. Ukichelewa kuongeza treni, watu hawaachi kupanda. Wanapanda vile wanaweza. Halafu kuning'inia kunakuwa kawaida, kifo kinakuwa namba kwa ripoti, na city inasema "ndivyo maisha yalivyo". Nairobi bado haijafika hapo. Lakini wale vijana wa juu ya paa wanatuambia tunaelekea wapi.

Na usidhani ni India pekee. Dar es Salaam walianzisha treni yao ya mtaa Oktoba 2012, watu wakaibatiza treni ya Mwakyembe, jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Ilijaa tangu wiki za kwanza, ishara kwamba njaa ya usafiri ilikuwa imelala tu. Addis Ababa walifungua treni yao ya umeme 2015, safi, mpya, na baada ya miaka michache treni nyingi zikaegeshwa kwa kukosa vipuri. Kuzindua ni rahisi, utepe unakatwa na picha zinapigwa. Kazi ni ile ya kila siku baada ya utepe.

Madem wanalipa nauli mara mbili

Kuna kitu watu hawapendi kuongelea. Treni ikijaa hivyo, dem halipi nauli ya pesa pekee. Analipa na mwili wake. Mkono usiojulikana ni wa nani, msee anayejifanya anasukumwa, yule anayecheka ukigeuka. Ukipiga kelele unaambiwa kama hutaki kuguswa uchukue Uber.

Tuseme wazi: kumshika mtu bila ruhusa yake ni kosa la jinai Kenya. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema hivyo, na haikuweka pembeni treni wala mathree. Msongamano si kisingizio, ni maficho tu.

Mumbai walichukua hatua miaka mingi iliyopita. Kuna mabehewa ya wanawake kwa kila treni, na tangu 1992 kuna treni nzima za wanawake pekee saa za kazi. Haijamaliza shida, na kuna wanaosema suluhisho ni kuwafunza wanaume, si kuwatenga wanawake. Wote wana point. Lakini siz anayetoka shift Indaa saa kumi na mbili jioni, leo, anahitaji mahali pa kusimama bila kupigana. Kutenga behewa moja hakuhitaji mkopo wa Uchina. Kunahitaji rangi, askari mmoja na nia.

Sasa tuulize doo

Utaambiwa hakuna pesa. Hapo ndio ningependa ukae macho.

Tangu 2013 kuna ushuru unaitwa Railway Development Levy. Unatozwa kwa bidhaa zinazoingia nchini. Ulianza ukiwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa, na tangu hapo umekuwa ukipanda na kushuka kati ya 1.5 na 2. Simu ikiingia forodhani na thamani ya elfu kumi, hapo kuna 150 hadi 200 ya reli. Muuzaji haitoi mfukoni mwake, anakuwekea wewe kwa bei. Kwa hivyo kila ukinunua simu, viatu ama friji iliyotoka nje, umechangia reli. Hata kama hujawahi kupanda treni maisha yako yote.

Hizo doo nyingi zilienda wapi? SGR. Kipande cha Mombasa hadi Nairobi, kilichofunguliwa 31 Mei 2017, kiligharimu zaidi ya bilioni 300, nyingi zikiwa mkopo wa Uchina. Oktoba 2019 ikasongezwa hadi Suswa, ikipitia ndani ya Nairobi National Park, na kuna stesheni inaitwa Ongata Rongai. Watu wa Rongai wanajua hiyo stesheni haiko Rongai haswa. Na mpango unaoendelea ni kuipeleka SGR hadi Kisumu na Malaba, kwa kutumia ushuru ule ule.

Sasa weka kando zile treni kumi na moja za Mallorca. Ziliripotiwa kugharimu bilioni moja na chenji. Yaani treni za mtaa zimepata kama senti tatu kwa kila shilingi kumi za SGR ya Mombasa. Sisemi SGR haina kazi, wengi wetu tumeenda nayo coast. Nasema mtu wa kupanda treni mara mbili kwa mwaka akienda Diani amewekewa kiti, na mtu wa kupanda mara mbili kwa siku akienda job anasimama mlangoni.

Barabara nazo? Expressway ya kilomita 27 ilifunguliwa 2022, na ukitaka kuitumia unalipa. Ngong Road ikapanuliwa kwa msaada wa Japani, ikawa nzuri, halafu magari yakaongezeka na jam ikarudi kwa lane mpya. Hii iko kila mahali duniani: ukiongeza barabara bila kuongeza usafiri wa umma, unaalika magari zaidi. Utafiti wa JICA uliofanywa wakati wa kupanga city ulionyesha zaidi ya safari 4 kwa kila 10 hapa Nairobi hufanywa kwa mguu, na nyingi ya zilizobaki ni za mathree. Wenye magari yao ni wachache. Lakini ukiangalia doo za barabara, utadhani wenye magari ndio city nzima.

Na mathree je?

Kuna msee atasema: treni zikiongezwa, vijana wa mathree watakula wapi? Swali poa. Lakini angalia vile treni hufanya kazi. Inakufikisha stesheni, haikufikishi mlangoni. Mtu akishuka Kibera bado anahitaji gari ya kumpeleka ndani Jamhuri, Kilimani ama Kawangware. Treni zikiwa nyingi, kazi ya mathree inabadilika kutoka kung'ang'ania kuingia tao, na inakuwa kuzunguka mitaa na kulisha stesheni. Safari fupi, mara nyingi, bila kulala kwa jam mafuta yakiungua.

Kinachoua mathree ni jam, si treni. Na tumeona kukosa njia ya pili kunatufanyia nini. Novemba 2018, sheria za Michuki zilipofufuliwa kwa nguvu na magari yakakaa nje ya barabara, city ilitembea. Wiki chache baadaye, tarehe 3 Desemba, Sonko akafungia mathree nje ya tao, na kina mama na watoto wakatembea kutoka Ngara na Muthurwa hadi amri ikaondolewa siku hiyo hiyo. City yenye mguu mmoja ikiumwa na huo mguu, inalala chini. Aprili 2024 ilikuwa zamu ya treni: mvua ilizidi, reli ikafurika, safari za mtaa zikasimamishwa. Unahitaji miguu yote miwili.

Tuitishe nini, na kwa nani?

Kulalamika kwa timeline ni rahisi. Wacha tuwe specific.

Kwanza, sehemu za kupishana kwa laini ya Kibera, Dagoretti na Kikuyu. Hiyo ndio inafungua ratiba. Bila hiyo, kuleta treni mpya ni maonyesho tu.

Pili, safari za mchana na za usiku mapema, hata kama ni chache. Kila safari ya saa nne asubuhi inapunguza watu kwa ile ya saa kumi na mbili.

Tatu, njia ya kufika stesheni. Taa, njia ya mguu isiyo ya matope, na mahali mathree na boda zinaweza kuchukua watu. Kuna wasee wengi Jamhuri hawajui stesheni ya Kibera iko upande gani, na hawana makosa, hakuna hata kibao cha kuwaelekeza.

Nne, milango ifungwe treni ikitembea, na barabara kubwa zisivuke reli bila daraja ama kizuizi. Hii tusingoje msiba wetu wa Mumbra.

Tano, behewa la wanawake saa za kazi, na askari anayejua kazi yake.

Nani wa kuuliza? Si MCA wako, hata akikuahidi. Kenya Railways ni shirika la serikali kuu, liko chini ya wizara ya uchukuzi. Na una haki ya kuwauliza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Ombudsman, ile Tume ya Haki ya Utawala. Hauhitaji wakili. Unahitaji barua ama email.

Uliza maswali manne tu. Laini ya Kikuyu ina safari ngapi kwa siku? Mabehewa mangapi ni mazima na mangapi yamelala? Ushuru wa reli uliokusanywa mwaka jana, ni kiasi gani kilienda kwa treni za mtaa za Nairobi? Na mpango wa kuongeza sehemu za kupishana uko wapi, una tarehe?

Barua moja ni kelele, wataiweka chini ya zingine. Barua mia tano kutoka Jamhuri, Kibera, Dagoretti na Kikuyu, zikiuliza maswali yale yale, ni kitu kingine. Hii generation imeshaonyesha inaweza kusoma Finance Bill mstari kwa mstari. Ratiba ya treni si ngumu kuliko hiyo.

Kuna watu waliong'oa hiyo reli 2008. Kuirudisha chuma chini haikutosha. Itarudi kuwa yao siku mtu wa Laini Saba, Makina ama Jamhuri Phase 2 ataangalia saa, aseme "kuna ingine inakuja baada ya dakika kumi na tano", na atembee pole pole kwenda stesheni bila kukimbia.

Wewe mtaani kwenu treni inasimama? Mara ya mwisho ulipanda lini, na ulipata mahali pa kuweka miguu yote miwili?